Aliyeomba Jina

Kilichompendeza Phoebe kwenye ile klabu ni kwamba haikunuka chochote.

Na mtu asimcheke. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na pua yake siku hizo ilikuwa adui yake mkubwa. Sabuni ilimtapisha, mkaa ulimtapisha, hata Wanzala, mume aliyempenda, akirudi kutoka kiwanda cha sukari huko Kabras akinuka molasi alioga nje kwanza ndipo aruhusiwe kuingia. Kwa hiyo Wanzala aliposema kwamba kabla mtoto hajaja watoke jioni moja wakasikilize jazi, kama walivyokuwa wakifanya walipokuwa wanafunzi wa chuo cha kilimo Bukura, alimwachia mkewe kazi ya kuchagua mahali.

"Pua ni yako," alimwambia. "Nikichagua mimi, tutatapika sisi wote."

Alhamisi mchana Phoebe akaenda mjini Kakamega kukagua. Klabu ya kwanza ilikuwa ghorofani nyuma ya soko. Hakufika hata nusu ya ngazi, harufu ya mkojo ikampokea. Ya pili ilikuwa ndani ya hoteli, safi, ina piano, lakini rangi ya ukutani haikuwa imekauka na mhudumu alikuwa amejipulizia manukato ya kutosha watu sita. Ya tatu ilikuwa nje ya mji, upande wa Isecheno, pale msitu unapoisogelea barabara. Mwenye klabu, Osiako, mwanamume mnene mwenye maneno mengi, alimtembeza kila chumba.

Jikoni, kuku walikuwa wanakaangwa. Phoebe aliyaona mafuta yakitokota, akayasikia yakilia, akavuta pumzi akingoja tumbo limgeuke. Halikugeuka. Hakusikia harufu ya kuku wala ya mafuta, wala ya bia iliyomwagika sakafuni, wala ya majani yaliyolowa mvua ya asubuhi nje ya dirisha. Mwanamke mwingine angejiuliza. Phoebe alikuwa amechoka kutapika, akamshukuru Mungu.

"Ni hapa," alimwambia Osiako. "Jumamosi. Meza ya watu wawili."

Osiako akaenda kutafuta kalamu. Jukwaani alikuwepo mtu mmoja aliyevaa suti ya kijivu, amewapa mgongo, anapangusa saksofoni kwa kitambaa.

"Ni wa kwanza?" aliuliza bila kugeuka.

Phoebe akashika tumbo. "Wa kwanza kufika huku," alisema. Wawili waliomtangulia walikuwa wametoka, mmoja kwa miezi minne na mwingine kwa mitano. Hilo si jambo la kumwambia mtu usiyemjua, lakini lilimtoka tu.

"Ataitwa nani?"

"Hatujaota bado."

"Mpaka muote?"

"Kwetu mtoto anapewanga jina la mtu wa ukoo alishakufa. Yule anataka jina lake lirudi anakuja kwa ndoto anasema. Mkilikubali, mtoto anatulia. Mkikataa, analia mpaka mlitaje."

Kitambaa kikasimama. "Na mnamkubali tu? Hamumuulizi kitu?"

"Mtu wa kwenu utamuuliza nini?"

"Ni kweli," alisema yule mtu, akaendelea kupangusa.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limeanza kutoka, na barabarani watoto wa shule walikuwa wanapita wakicheka. Hivyo ndivyo Phoebe alivyomfungulia mlango, kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa tamu mwanzoni. Walikula, Wanzala akacheka kama zamani, akampiga-piga mkono kufuata mdundo. Kisha saksofoni ikaingia. Phoebe alimwona yule mtu pembeni mwa jukwaa, mgongo wake wa kijivu umeelekea watu, na sauti aliyoishika ilianza chini, karibu na sakafu, ikapanda polepole ikapita viti na meza na kumwingia tumboni, na Phoebe akangoja apumzike avute pumzi kama mpulizaji yeyote anavyopaswa, akangoja, akahesabu mpaka mia, akahesabu mia ya pili, na mabega ya yule mtu hayakupanda wala kushuka, na sauti haikukatika, na mtoto tumboni, aliyekuwa akirusha mateke tangu jioni, akanyamaza akasikiliza.

Walipofika nyumbani, Wanzala alivua viatu akapumua kwa raha.

"Yule wa gitaa anajua kazi," alisema. "Ni vile tu hawakuwa na saksofoni. Ningeomba wapige ile yetu."

Phoebe alisimama na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Alijiambia ni uchovu.

Usiku huo aliota. Yule mtu alikuwa ameketi uani kwao, juu ya kigoda, saksofoni mapajani, amempa mgongo vilevile. "Mimi ni Makhanu," alisema. "Nimechoka kukaa nje. Nipeni mlango."

Asubuhi alimweleza mama mkwe wake, Mama Nekesa, aliyekuwa anachambua mboga. Mama Nekesa alikuwa mwanamke mgumu, hata mumewe alipozikwa hakulia mbele ya watu. Sasa mboga zilimwanguka.

"Makhanu," alisema. "Umesema alikuwa na kitu ya kupuliza?"

"Saksofoni, Mama."

"Yetu ilikuwa tarumbeta. Lakini macho ya ndoto hayajuangi vyombo." Akafuta machozi kwa kiganja. "Huyo ni baba mdogo wa Wanzala. Walikosana na baba yenu mwaka themanini na moja, akatoka hapa na hiyo tarumbeta akaenda kutafuta bendi Nairobi. Hatukumuona tena. Miaka tisa tulingoja. Tukaambiwa amekufa, mwili haukuonekana, tukazika mgomba kwa jina lake pale nyuma ya ghala. Hakuna mtoto aliwahi kuitwa yeye. Mimi ndio nilikataanga, nikiogopa. Kumbe anateseka huko."

Phoebe alitaka kusema kwamba alimwona yule mtu kabla ya kumwota. Alitaka kusema kwamba tangu asubuhi hasikii harufu ya moshi jikoni. Lakini Mama Nekesa alikuwa amemshika mikono yote miwili, naye hajawahi kumshika hivyo, hata zile mara mbili walipotoka hospitali mikono mitupu. Basi wakaenda wote nyuma ya ghala, kwenye tuta dogo lililoota nyasi, na Phoebe akaweka mkono tumboni akasema kama alivyofundishwa: "Makhanu, tumekusikia. Jina lako tumempa huyu. Karibu nyumbani."

Mtoto aliruka kwa nguvu hata ikabidi akae chini.

Alizaliwa wiki nne baadaye, mvulana, kilo tatu na robo. Alilia mara moja. Mama Nekesa akamwinamia akamwita Makhanu, mtoto akanyamaza papo hapo, na wanawake wote wa wodi wakasema huyu kweli ameletwa na wenyewe.

Cindy, dada yake Wanzala, ambaye hakuna habari iliyowahi kulala kwenye simu yake, alipiga picha akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo: "Makhanu amerudi." Zikaja pongezi mpaka simu ikaisha chaji.

Nyumbani ikawa raha ambayo majirani waliionea wivu. Mtoto halii. Akianza kukunja uso, unamwita jina, anatulia. Phoebe peke yake ndiye aliyeona mengine. Aliona mtoto akitulizwa anatoa pumzi moja ndefu, ndefu kupita kifua chake, na ndani yake kuna mlio wa chini anaoujua. Aliona nyumba inazidi kukosa harufu: kwanza moshi, kisha nepi, kisha maziwa yake mwenyewe. Aliinusa shingo ya mwanawe, akakosa.

Na mtoto alikuwa anapungua. Kliniki ya kwanza, kilo tatu kasoro robo. Ya pili, mbili na nusu. Ananyonya vizuri, hatapiki, haharishi. Muuguzi alimpima mara tatu, akagonga mzani, akaandika barua wampeleke kwa daktari mkubwa, na daktari mkubwa hakuona ugonjwa. Mchungaji akaja, akaomba, akampaka mafuta. Mtoto alimtazama kwa utulivu mpaka mchungaji akakosea maneno ya sala aliyoijua tangu utotoni.

Siku moja Phoebe alifanya jaribio. Asubuhi hadi mchana alikataza watu kumwita mtoto, akambeba akambembeleza mwenyewe. Mtoto akalia, lakini mashavu yakashika rangi. Saa saba Mama Nekesa akapita, akasema, "Nini, Makhanu wangu?" na Phoebe akauona uso ukinywea mbele ya macho yake, ngozi ya paji la uso ikalegea kama ya mzee. Kila wakimwita, kuna kitu kinakula.

"Wanzala, mtoto wetu anakwisha," alimwambia mumewe jioni, kwa sauti ya chini kwa sababu aliogopa kusikiwa, na hakujua na nani. Akamweleza yote, tangu klabu. Wanzala hakubisha. Alikaa ameshika kichwa. "Huyu akienda, Phoebe," alisema, "mimi sirudi tena kwa hiyo barabara ya hospitali. Siwezi mara ya tatu."

Kesho yake simu ya Cindy ikaita kwa namba asiyoijua. Sauti ilikuwa ya mzee.

"Kuna mtu amenionyesha picha kwa simu," ilisema. "Nani amewaambia nimekufa?"

Alifika baada ya siku mbili kutoka Nakuru, alikokuwa anatengeneza redio miaka yote hiyo. Alikuwa mwembamba, kofia mkononi, na Mama Nekesa alipomwona getini alipiga magoti kwenye matope. Makovu ya utotoni kwenye kidevu yalikuwa palepale. Ni yeye.

"Nilisikia mmenizika," Makhanu alimwambia shemeji yake. "Mwaka tisini na moja, kwa mtu wa Malava. Mtu ameshazikwa kwao, anarudi namna gani? Ataonekana mzimu. Nikasema basi, wacha nikae."

Phoebe alimtandikia mtoto mkeka mbali kidogo na kiti cha mzee, maana ni baba mkwe, hawapeani mkono wala kukaribiana. Akamlaza mtoto juu ya mkeka, akarudi nyuma, ndipo mzee akasogea kumtazama. Mtoto naye akamtazama. Mzee ndiye aliyeshindwa, akageuza uso.

"Nyinyi mlimwita nani?" aliuliza.

Phoebe akamweleza yote, tangu klabu mpaka lile tuta nyuma ya ghala. Mzee akatikisa kichwa.

"Wafu wa kwetu hawaombi jina la mtu yuko hai. Mimi niko hai. Huyo si wa ukoo. Watu wa Mumias wanaviitanga majini. Mimi sijui kiitwe nini. Kimekaa pale klabu, kwa watu wa kuja na kuondoka, hakina kwao. Kikasikia mama anasema namna watu wanaingianga kwa boma. Kikaja, kikatafuta jina lenye halina mwenyewe, kikapata kaburi bila mtu." Akasugua paji la uso. "Na mimi naisha pia. Miezi miwili hii naamka sijui niko wapi. Juzi mwenye nyumba ameniita kwa jina mara nne, nasikia kama anaita jirani. Mkimwita huyu, mimi napotea kidogo, na yeye anapotea kidogo. Kile kinashiba."

"Tufanye nini, Baba?" Phoebe aliuliza, macho chini.

"Wewe ulilitoa, wewe ulinyang'anye. Leo jua likizama, mwambie yeye si mimi. Halafu mpaka jua litoke, mtu yeyote wa boma hili asilitaje. Asubuhi mpatie jina la mtu mnajua kaburi lake lina mwili."

"Na akilia?"

"Atalia," alisema mzee. "Hajawahi kulia sawasawa tangu azaliwe. Mkimtuliza kwa hilo jina leo, kimeingia moja kwa moja, na mimi sitakuwa na kitu cha kurudishiwa."

Jua lilipozama Phoebe alimshika mwanawe mbele ya watu wote, akasema, "Wewe si Makhanu. Makhanu yuko pale ameketi." Mtoto akafungua mdomo.

Majirani walikisikia kilio kile mpaka ng'ambo ya mto. Alilia saa mbili, saa tatu, saa nne, akalikataa titi, akakataa maji, akageuka mwekundu, kisha mweusi. Mama Nekesa alijifungia chumbani na mto kichwani ili asishawishike. Mzee alikaa uani, mdomo ameufunga kwa kofia. Lakini saa sita Phoebe akasikia harufu. Ilikuwa ya mbali, ya taa ya mafuta, kisha ya majivu ya jikoni, kisha, alipoinamisha kichwa, ya jasho la mtoto, chungu na tamu, na akalia kwa furaha akambana kifuani.

Ndipo saksofoni ikaanza nje.

Ilianzia nyuma ya ghala, chini, karibu na ardhi, ikazunguka nyumba ukuta kwa ukuta bila haraka, ikapita dirishani na mlangoni na dirishani tena, na kila ilipopita mtoto alipandisha kilio kuifuata, na sauti zile mbili zikashikana hata Phoebe hakujua ipi inatoka kwa mwanawe na ipi inatoka gizani, na aliimba nyimbo zote za kanisa alizojua, akaimba za shule, akaimba majina ya mazao na ya miezi na ya mitaa ya Kakamega, majina yote ya duniani isipokuwa moja, na lile moja lilimjaa mdomoni hata meno yakauma, na mtoto akaanza kumteleza mikononi, na saa kumi Wanzala akamwambia kwa upole, "Nipe nimshike kidogo, utamwangusha," akampa, akaegemea ukuta, na macho yakamsaliti.

Alipoyafungua kulikuwa kimya. Mwanga ulikuwa unaingia chini ya mlango. Wanzala alikuwa ameketi kitandani na mtoto, naye alikuwa anapumua taratibu, mashavu yamepoa.

"Amenyamaza mwenyewe?" Phoebe alinong'ona.

"Jua limetoka," alisema Wanzala. "Mnyonyeshe."

Alinyonya. Alivuta kwa njaa ya mtoto wa kawaida, na Phoebe, pua imeziba kwa kulia, uso umevimba, alijiona hajawahi kuwa na furaha ya namna hiyo. Alitoka naye uani amejifunika leso. Mama Nekesa alikuwa tayari ameamka, anampelekea mzee kikombe cha chai pale kwenye kigoda.

"Makhanu, umelala?" alimsalimu.

Mzee alikipokea kikombe. Alimtazama kwa adabu, kama mgeni anayesikia mtu mwingine akiitwa.

"Makhanu," Mama Nekesa alirudia, sasa kwa sauti ya chini.

Mzee alitazama nyuma yake, aone anayeitwa ni nani. Na mtoto akaliachia titi, akageuza kichwa.

Phoebe alimgeukia mumewe. Wanzala alikuwa amesimama mlangoni, amejishika mbavu kwa mikono miwili.

"Aliacha kupumua," alisema. "Ulikuwa umelala. Midomo ilikuwa ya samawati, Phoebe. Nilisema mara moja tu. Polepole, kwa sikio lake."

Phoebe alitaka kumpiga. Alitaka kumrukia hapo mbele ya mama yake. Na alijua, kwa sababu mdomo bado ulikuwa unamuuma, kwamba kama angekuwa macho angelitaja yeye kwanza.

Mzee alimaliza chai yake. Aliweka kikombe chini, akawashukuru kwa ukarimu wao, akauliza kama kuna mtu angemwonyesha njia ya kutokea barabarani.